Mwaka wa Kwanza si Mavuno

Nianze na kosa langu mwenyewe, asije mtu akasema huyu dada wa Nsambya ananyooshea wengine kidole na chake amekificha mfukoni.

Ilikuwa Ijumaa, mwezi wa tisa mwaka 2023. Nilimpigia simu mdogo wangu mara sita. Mara tano hakupokea kwa sababu alikuwa darasani. Mara ya sita alipokea akinong'ona. Nikamwambia, "Nasikia pesa zenu zimeingia." Nilikuwa nimesikia saluni, kwa mama mmoja ambaye mtoto wake anafadhiliwa pamoja naye. Akanyamaza. Nikamwambia mwenye nyumba ametia kufuli, vitenge vyangu vya kuuza viko ndani, watoto wako barazani, na katika ukoo mzima ni yeye peke yake aliye na kitu. "Sawa, Yaya," akasema. "Nitatuma." Kabla ya jua kuzama laki mbili zilikuwa kwenye simu yangu. Nililipa nyumba, nikawanunulia watoto soda, nikamshukuru Mungu aliyetupa msomi.

Huyo msomi alikuwa na wiki sita tu chuoni.

Sisi ni watu wa Rutshuru. Tulivuka mpaka Bunagana mwaka 2008, yeye akiwa na miaka mitano, mgongoni kwangu. Tukalala Nyakabande, kule Kisoro, kisha malori yakatupeleka Nakivale. Mama yetu yuko huko mpaka leo. Mimi nilihamia Kampala kutafuta maisha. Nauza vitenge kwa kutembeza, na mgao wa chakula niliuacha kambini, maana mkimbizi anayekaa mjini anaambiwa ajitegemee. Mdogo wangu alisoma kambini. Alikuwa S5 Korona ilipokuja. Shule za Uganda zikafungwa, zikafunguliwa nusunusu, zikafungwa tena, karibu miaka miwili. Wenzake wengi wakaoa, wakaolewa, wakaingia kwenye boda. Yeye alirudi darasani, akamaliza S6 mwaka 2022, akapata ufadhili wa kusoma chuo kikuu hapa Kampala.

Siku ya kumuaga, mama alichinja mbuzi. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye namheshimu, alisimama akasema, "Mti huu tuliupanda wote, na sasa umeanza kuzaa." Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga vigelegele.

Leo nataka kumjibu yule mzee, kwa adabu. Baba, ule mti haukuwa umeanza kuzaa. Ulikuwa umehamishwa udongo juzi tu, na sisi sote tukaufuata na vikapu.

Ngoja niweke hesabu mezani, maana watu wetu wakisikia neno ufadhili wanaona gunia la pesa. Ada ya chuo haikupita mkononi mwake hata siku moja. Ilienda chuoni moja kwa moja. Alichopata mkononi ni laki tisa za Uganda, za kuishi miezi mitatu. Zikifika kwa mkupuo zinaonekana nyingi. Lakini chumba alichopanga na mwenzake, sehemu yake ilikuwa laki mbili kwa mwezi. Toa laki sita. Zinabaki laki tatu kwa siku tisini. Ni kama elfu tatu na mia tatu kwa siku, na humo atoe chakula, teksi, fotokopi, sabuni na bando ya intaneti. Kwa Kampala hiyo ni sahani ya kikomando, ile chapati iliyokatwakatwa ikamwagiwa maharagwe, na nauli ya kwenda bila ya kurudi.

Sasa tutoe na sisi. Mimi laki mbili. Mama elfu sabini. Baba mdogo elfu thelathini, mchango wa harusi. Jumlisha. Ni laki tatu kamili. Hatukumwachia hata ya chumvi. Na hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba mwenzake naye ameomba. Kila mtu alidhani amechota kikombe kimoja tu kwenye pipa.

Basi alikula nini? Alikuwa anaamka saa tisa za usiku kwenda soko la Kalerwe kushusha matoke kwenye malori mpaka kunapambazuka, halafu saa mbili asubuhi yuko darasani, macho yamefunguka lakini mtu hayumo. Mitihani ya Desemba ilipokuja, masomo matatu akapata chini ya 50. Akapewa barua ya onyo.

Hakumwambia mtu. Mwezi wa pili mwaka 2024 alikuja kwangu na begi, akasema amekuja kutusalimia. Siku ya kwanza nilifurahi. Siku ya nne nikajiuliza, hawa hawajafungua? Asubuhi hiyo nafua suruali yake nikaikuta barua, imekunjwa mara nne. Kiingereza changu ni cha kuuza vitenge, lakini ile barua niliielewa. Nikamwuliza kwa nini hukusema. Akaniangalia kama mtu aliyechoka kuangalia watu. "Ningesema nini, Yaya? Mlishachinja mbuzi."

Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Kwanza nagombana na sisi wenyewe, kisha na ndugu zetu wa mashirika.

Sisi wenyewe kwanza. Sisemi kwamba mtoto hana deni kwa nyumba yake. Deni analo. Mama yangu alilima mashamba ya watu ili yeye apate daftari, na mimi nilimtumia sare nikiwa nimelala njaa. Wala sisemi kwamba tuliomba kwa tamaa. Mwezi wa saba mwaka ule ule wa 2023, mgao makambini uligawanywa kwa makundi matatu: wenye shida zaidi, wenye shida ya kadiri, na wale wanaohesabiwa kwamba wanajiweza. Kundi la tatu likatolewa kabisa. Mama akajikuta katika la tatu. Alipompigia mwanawe simu hakuwa anataka kitenge kipya. Alitaka unga.

Ndugu msomaji wa mashirika, tafadhali soma hapo mara mbili. Chakula kilichopunguzwa Nakivale hakikubaki Nakivale. Ule upungufu ulipanda basi Mbarara, ukaja Kampala, ukashukia kwenye sahani ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ofisi ya chakula iko na hesabu yake na ofisi ya elimu iko na ya kwake, lakini tumbo la familia ni moja.

Hata hivyo, shida ya mama ilikuwa kweli na kosa letu pia lilikuwa kweli. Kila mwanamke anayelima Juru au Rubondo anaijua njaa ya mwezi wa kupanda. Mbegu ziko ndani ya nyumba na watoto wanalia. Anafanya nini? Anakopa, anapika majani, anazificha mbegu mahali ambapo hata yeye mwenyewe hatazifikia kwa urahisi. Hazili. Si kwamba hapendi watoto wake. Anajua akizila leo, mwezi wa kuvuna atakuwa na njaa ileile na shamba tupu. Kwa mahindi tunalijua jambo hili bila semina. Kwa mtoto wa chuo tumelisahau, kwa sababu hakuna aliyetuonyesha mwezi wa kupanda ni upi na wa kuvuna ni upi.

Na mwaka wa kwanza ni nini hasa? Wengi wetu tunadhani ni S7. Sivyo. Shuleni kuna kengele, kuna mwalimu anayekujua jina, kuna mtu wa kukuuliza jana ulikuwa wapi. Chuoni mdogo wangu alikaa kwenye ukumbi wa watu mamia, mhadhiri anasema Kiingereza cha haraka, hakuna anayeuliza nani hayupo. Kuna tarehe ya kujisajili, na ikikupita unahangaika. Kuna majaribio ya katikati ya muhula ambayo tayari yanahesabika kwenye matokeo ya mwisho, na wewe unadhani bado unazoea. Ukishindwa somo unalirudia, na kulirudia kuna malipo. Wanafunzi wa Kampala hata wana jina la mwaka ambao mtu amekaa nje ya chuo: mwaka mfu.

Mimi nalinganisha na Nyakabande. Wote tuliopita kwenye kituo cha kupokelea tunakumbuka. Umevuka, uko salama, lakini huna kiwanja, huna jembe, hujui maji yanachotwa wapi, unalala na viatu. Je, kuna mtu aliyewahi kumpigia simu ndugu yake aliye Nyakabande akamwambia, "Maadamu umefika, nitumie gunia la maharagwe"? Hakuna. Tungesema huyo mtu hana akili. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza yuko Nyakabande, na sisi tunamdai gunia.

Sasa nije kwenu, ndugu zetu wa mashirika. Nashukuru, na shukrani yangu si ya mdomo. Ufadhili kama ule wa DAFI, wa Ujerumani pamoja na UNHCR, umekuwa ukipeleka wakimbizi vyuoni tangu mwaka 1992. Bila mikono ya namna hiyo mtoto wa mama yangu asingeingia kwenye geti la chuo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa shule ya msingi sawa na raia. Ngazi za juu haitupi hivyo, huko tunahesabiwa kama wageni wengine. Kwa hiyo nafasi ya chuo kwetu ni kitu cha nadra, na ndiyo maana inaniuma ikianguka kwa sababu ya kikomando. Sitaji shirika lililomfadhili mdogo wangu, maana ugonjwa ninaousema si wa shirika moja.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Mnamchukua mtoto mmoja kutoka nyumba ya watu tisa, mnamketisha kwenye semina ya siku mbili, mnamfundisha kupanga bajeti, na mwisho mnamwambia, "Hizi pesa ni zako za masomo, usitume nyumbani." Maneno mazuri. Lakini nani atakayemwambia mama? Mmemwachia yeye. Mtu wa miaka ishirini ndiye ampigie mama yake aliyetolewa kwenye mgao, amwambie, "Mama, nimekatazwa kukusaidia." Katika Kiswahili chetu mtoto anayesema hivyo amelaaniwa. Kwa hiyo hasemi. Anatuma, halafu anakwenda Kalerwe usiku.

Mazungumzo magumu kuliko yote mmemtwika aliye mdogo kuliko wote. Ofisa wa elimu mwenye gari, mkalimani na barua yenye mhuri hakuyafanya. Mtoto asiye na hata nauli ndiye ayafanye.

Familia tunaitwa lini? Nimefikiri sana, nimepata siku mbili. Siku ya picha, wakati mfadhili amekuja na watoto wamevaa fulana. Na siku ya msiba, yaani mtoto amekwisha kuacha chuo na ofisi inatafuta alikokwenda. Katikati hapo, ambapo ndipo chuo chenyewe kilipo, hatuitwi.

Mnajua kuhesabu, hilo siwanyimi. Mwaka 2019 ni wakimbizi 3 tu kwa kila 100 duniani waliokuwa wanapata elimu ya juu, na ikawekwa shabaha ya kufika 15 kwa 100 ifikapo mwaka 2030. Ripoti za baadaye zikasema tumefika 7. Vizuri. Lakini namba hiyo inahesabu walioko ndani. Mtoto akitoka mwezi wa pili na begi lake akaenda kukaa kwa dada yake Nsambya, nani anamhesabu? Mkitaka kufika 15 kwa kuongeza wa kuingia bila kumshika aliyekwisha kuingia, mtajaza maji kwenye kapu.

Nimewahi kuyasema haya mbele ya kijana mmoja wa ofisi, mtu mpole kabisa. Akanijibu, "Mama, mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima. Mambo yake ni siri yake, hatuwezi kuyapeleka kwa familia." Nimelifikiri jibu lake na naliheshimu. Alama za mdogo wangu ni zake. Ugonjwa wake ni wake. Barua yake ni yake, na mimi niliisoma kwa kosa la kufua. Lakini mimi siombi siri. Tarehe ya kufungua muhula si siri. Tarehe ya mitihani si siri. Kwamba pesa za kuishi ni za miezi mitatu na kwamba nusu yake na zaidi ni za chumba, si siri. Kwamba kushindwa masomo kunaweza kumgharimu mtu ufadhili wake, si siri. Nipeni kalenda, alama baki nazo.

Wengine wanasema kwa sauti ya chini, tunasikia, kwamba hizi familia hazijasoma, zitamsaidiaje mtu wa chuo? Basi niwaambie tulivyofanya, sisi ambao hatujasoma.

Baada ya ile barua nilipanda basi na mdogo wangu mpaka Mbarara, tukaunganisha mpaka Nakivale. Tukaita kikao cha familia. Mama, baba mdogo, shangazi, yule mzee wa kanisa, na jirani mmoja aliyekuwa mwalimu kule Kongo. Kwanza nikakiri laki mbili zangu. Nilipokiri, baba mdogo akakiri elfu thelathini zake, na mama akaanza kulia. Mwalimu akachora kalenda ya muhula kwenye karatasi ya boksi, wiki kwa wiki, mdogo wangu akimtajia: hapa kujisajili, hapa majaribio, hapa mitihani. Ilikuwa mara ya kwanza mama kuona kwamba chuo kina majira, kama shamba. Aligusa wiki za mitihani kwa kidole akauliza, "Na hizi ni siku ambazo mimi nilikuwa nampigia?" Ndizo.

Tukakubaliana mambo manne. La kwanza, mpaka amalize mwaka wa kwanza, mtu asimwombe pesa. Mwenye shida anipigie mimi, na mimi ndiye nitakayesema hapana, ili yeye asiwe mtoto mbaya. La pili, badala ya kuchota, kila mtu anaweka. Mama hana pesa lakini ana maharagwe na unga wa mahindi, basi vinapandishwa kwenye basi kila mwezi, na ndagala zikipatikana. La tatu, simu ni Jumapili jioni, na hakuna kuuliza "Umefaulu?" Tunauliza umekula nini wiki hii, umelala saa ngapi, na unasoma na nani. Ukisikia anasoma peke yake wiki tatu mfululizo, ujue kuna jambo. La nne, akianguka somo, aseme. Mbuzi hatutamdai.

Yule mzee alikaa kimya muda mrefu. Mwisho akasema, "Basi mti tuumwagilie." Sikutegemea zaidi ya hapo.

Je, ilikuwa rahisi? Hapana. Mwezi wa nne mdogo wetu wa mwisho aliugua malaria, mama akanipigia, na mimi sikuwa na kitu. Nilikopa kwenye likelemba yetu ya akina mama wa Nsambya, nikatuma. Nilijua kwamba yeye angeweza kutuma siku hiyo hiyo, na sikumwambia. Usiku ule nilijiona mtu mkatili. Na masomo matatu aliyoanguka, ufadhili haukulipia kuyarudia, nililipa mimi kwa zamu yangu ya likelemba. Kwa hiyo zile laki mbili nilizokula mwezi wa tisa nilizilipa zote, na juu yake. Mwenye kula mbegu hulipa na riba.

Niseme pia juu ya mabinti, maana kwao si pesa peke yake. Hapa mtaani kwetu kuna binti aliyeanza chuo akiwa anaishi nyumbani. Watu walisema ana bahati, halipi chumba. Lakini asubuhi anachota maji, anawaosha wadogo zake, anapika uji, ndipo atafute teksi. Jioni anarudi anasonga ugali wa watu wanane, na vitabu anavifungua saa tano usiku, umeme umekatika. Baba yake anaringa kwamba binti yake yuko chuo. Mimi nilimwuliza, "Shemeji, yuko chuo saa ngapi?" Alikasirika. Lakini hesabu ni ileile. Kuna wanaochota pesa za mwanafunzi na kuna wanaochota masaa yake, na masaa hayarudishwi kwa likelemba. Kaka zake wawili walikuwa wamekaa nyumbani wanatazama mpira. Ugali haukatai mkono wa mwanaume.

Kwa hiyo haya ndiyo nayadai, na siyaombi.

Kwa mashirika: kabla mtoto hajaingia chuo, ziite familia. Kule Nakivale iteni Base Camp, hapa Kampala iteni kwenye kanisa, msikiti au uwanja wowote wa Nsambya au Katwe. Asubuhi moja inatosha. Semeni kwa lugha za watu: Kiswahili, Kinyabwisha, Kirundi, Kisomali. Wekeni hesabu ya pesa ubaoni mbele ya wote, toa chumba, toa chakula, waone kinachobaki. Gaweni kalenda ya karatasi, ya kubandika ukutani. Mleteni mwanafunzi wa mwaka wa tatu na mama yake, waseme walivyopita. Na lile neno la "usitume pesa nyumbani" semeni ninyi, mbele ya mama, kwa sauti yenu, mtoto akiwa amekaa kimya. Gharama yake naamini haifiki gharama ya zile fulana. Na pesa zinapochelewa, tuambieni zimechelewa, maana zikichelewa mwenye chumba hachelewi.

Kwa wazee wetu: acheni kumuapisha mtoto siku ya kumuaga. Mtoto anayepanda basi na maneno ya ukoo mzima kichwani hawezi kurudi kusema nimeanguka. Atakwenda sokoni usiku, au atapotea. Mkitaka kusema kitu siku hiyo, mwambieni mlango uko wazi hata akirudi na barua mbaya.

Kwa wanafunzi wenyewe nina neno moja tu. Mkionewa na shida, semeni mapema, hata kwa ujumbe wa simu kama aibu inawazuia. Sisi tunaweza kukosea kwa kutojua. Mkituficha mnatuzuia hata kurekebisha.

Mdogo wangu yuko mwaka wa tatu sasa. Masomo mawili aliyarudia akafaulu, la tatu lilimsumbua mara mbili. Si kijana wa ajabu na sitaki mumfanye wa picha. Bado maharagwe yanakuja kwa basi, ingawa mwaka wa kwanza umepita na sheria yetu ilikuwa imekwisha. Mama amekataa kuacha. Anasema amezoea kutuma.

Mimi bado naenda saluni ileile, na bado nasikia pesa zao zikiingia. Nyumba bado nadaiwa. Kama wewe una mtoto anayeingia chuo mwaka huu, siku hiyo usimpigie. Mpigie Jumapili, umwulize amekula nini.